Namba Zinazoishia na Sifuri

Mtu akiniletea matokeo ya utafiti wa moyo uliofanyika hapa nchini, siulizi kwanza umechapishwa wapi wala ni profesa gani ametanguliza jina. Naomba nioneshwe safu ya presha, namba kwa namba, kabla haijatafutwa wastani. Halafu nahesabu zinazoishia na sifuri.

Mashine ya kielektroniki ikipima watu mia kadhaa, tarakimu ya mwisho haina upendeleo. Sifuri, moja, mbili hadi tisa, kila moja hujitokeza takribani mara moja kati ya kumi. Ukikuta ukurasa umejaa 140/90, 130/80, 150/100, elewa kwamba mashine haikusomwa. Mtu alitupa jicho, akakadiria, akaandika. Ingekuwa urefu wa mgonjwa nisingepiga kelele sana. Lakini mpaka wa kumwambia mtu ana presha ya juu ni 140 kwa 90, na hapo hapo mpakani ndipo wakadiriaji wanapopenda kutua. Muuguzi mmoja mwenye haraka anaweza kuamua nani anaingia kwenye hesabu ya wagonjwa wa taifa na nani anabaki nje.

Mimi ni muuguzi kwa taaluma. Nilianza wodini, nikahamia kwenye mradi wa utafiti kwa sababu posho ilikuwa nzuri (sioni haya kulisema hilo), na sasa naratibu takwimu za wagonjwa wa moyo katika hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania. Kazi hii imenifanya niamini kwamba ubora wa utafiti wa moyo wa taifa zima uko mikononi mwa watu wawili: anayepima, na anayebaki kumfuatilia mgonjwa wakati mradi umeshafunga virago. Na hao wawili ndio tunaowalipa kidogo kuliko wote, kwa mikataba mifupi kuliko yote.

Nianze na anayepima. Asubuhi ya kliniki ya presha, benchi limejaa mpaka koridoni. Mama mmoja ameshuka daladala, amepanda ngazi, anahema. Anakaa, ananyoosha mkono hapo hapo, bila kuuegemeza popote, na huku anamsimulia jirani yake habari za mjukuu. Muuguzi anafunga kitambaa cha mashine, kitambaa hicho hicho kimoja kwa mikono minene na myembamba, anabonyeza, anaandika. Ndani ya dakika moja hiyo kuna makosa manne, na yote yanapandisha namba: hajapumzika, anaongea, mkono unaning'inia chini ya usawa wa moyo, na kitambaa ni kidogo kwa mkono wake.

"Mama, pumzika kwanza dakika tano."

"Mwanangu, nikipumzika foleni si itanipita?"

Jibu lile lilitufundisha kuliko semina. Tatizo letu lilikuwa foleni, wala halikuwa uelewa. Tukaanza kugawa vikadi vya namba mlangoni, mtu akikaa kupumzika nafasi yake haiendi popote. Tukatafuta vitambaa vya saizi tofauti. Tukapata mashine inayotunza vipimo vyenyewe kwenye kumbukumbu yake ili daftari lilinganishwe nayo. Kila mgonjwa wa utafiti akawa anapimwa mara tatu, na wastani unachukuliwa kwenye vipimo viwili vya mwisho, kama unavyofanya uchunguzi wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani. Huo ndio uchunguzi ambao mwaka 2012 uliionesha Tanzania kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Hesabu ya namna hiyo inabeba bajeti ya dawa za nchi nzima. Ikikosewa benchini, inakosewa mpaka hazina.

Wenzangu hawakufurahi. "Sista, juzi tu ulikuwa nasi wodini, leo unakuja kutukagua?" Nilielewa uchungu wao. Kilichopoza mambo ni kuacha kutaja majina. Kila Ijumaa tulibandika mchoro mmoja ukutani unaoonesha tarakimu za mwisho za wiki nzima, bila kusema nani kapima lini. Sifuri ilianza juu kama mlingoti, ikawa inashuka. Ikaja kuwa mchezo. Vijana wa mapokezi nao wakawa wanasimama kuangalia.

Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ni habari nyingine, na ngumu zaidi, kwa sababu pale hakuna tarakimu ya kukushtaki. Daktari anaangalia valvu, yaani mlango wa moyo, inavyofunguka na kufunga, anaamua. Akiwa amechoka anaamua vingine. Akijua kwamba mgonjwa huyu anatumia dawa ya majaribio anayoiamini, macho yake yanaweza kumpendelea bila yeye kutaka. Dawa ya hilo inajulikana: picha zihifadhiwe, wasomaji wawili wazisome kila mmoja kivyake bila kujua mgonjwa ni nani na yuko kundi gani, na wakitofautiana aamue wa tatu. Tulipojaribu kwa mara ya kwanza, madaktari wawili ninaowaheshimu sana walitofautiana mara nyingi kuliko walivyotarajia, hasa kwenye valvu zilizoharibika kidogo tu. Chumba kilikaa kimya. Halafu mmoja akacheka, wakavuta viti, wakaanza kupitia picha moja moja. Kikao kile kiliwasaidia kuliko kozi yoyote niliyowahi kuiandalia chai.

Majirani zetu wa Uganda wameonesha uangalifu wa namna hii unazaa nini. Kule Gulu na maeneo ya kaskazini walipima kwa eko watoto zaidi ya 102,000 wakitafuta ugonjwa wa moyo wa rumatiki ukiwa bado umejificha. Ule unaoanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, ukaja kula valvu miaka baadaye. Watoto na vijana 818 waliingizwa kwenye jaribio, nusu wakichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, nusu bila sindano. Picha zilisomwa na jopo lisilojua nani kachomwa. Matokeo yakachapishwa 2021: waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu, wasiochomwa, 33.

Wengi hunukuu hizo 3 na 33. Mimi hunukuu 799. Hao ndio waliomaliza miaka miwili ile kati ya 818. Fikiria watoto wa vijijini, familia zinazohama msimu wa kilimo, barabara za masika, na sindano inayouma kila mwezi. Halafu unabaki na zaidi ya asilimia 97. Wangepotea watoto mia, ile 3 kwa 33 ingebaki na maswali ambayo hakuna mwanatakwimu angeweza kuyajibu. Hawakuachia bahati. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwajua watoto wale na kuwafuata.

Hapo ndipo sisi tunapoangukia. Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu walikuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani na kupigiwa simu baada ya miezi kadhaa. Asiyepokea aliandikwa "hakupatikana", na kwenye ripoti akahesabiwa pembeni. Nikachukua orodha ya hao wasiopatikana, nikaanza kuwapigia tena jioni, kwa namba za ndugu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni sista kutoka hospitali. Namuulizia baba, yule aliyelazwa kwetu kabla ya Ramadhani."

Kimya kidogo. "Mwanangu, tulishamzika."

Akanieleza yote bila kuulizwa: miguu ilivimba tena, akawa analala ameketi, dawa ziliisha na aliyekuwa akimletea kutoka mjini alisafiri. Kwenye kompyuta yetu mzee huyo alikuwa "hakupatikana". Na hakuwa peke yake. Asiyepokea simu mara nyingi ndiye aliyezidiwa au aliyekufa. Laini yake imezimwa, simu imeuzwa au anaitumia mjukuu. Kwa hiyo utafiti unaowatupa wasiopatikana unawahesabu wazima na kuwaacha wafu, kisha unatangaza kwamba hali ya wagonjwa wetu ni nafuu kuliko ilivyo.

Siku hizi mgonjwa akiingia kwenye rejista yetu tunachukua namba za ndugu watatu wasiokaa nyumba moja, jina la mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunamwomba ridhaa ya kuwatafuta hao, tukimweleza wazi kwamba hatutawatajia ugonjwa wake. Bajeti ya vocha na nauli ya bodaboda tunaiandika kwenye andiko toka mwanzo, na wafadhili wanapoikata tunapigana nao. Wamezoea kukata hapo. Semina ya hotelini haikatwi.

Kuna watu huniuliza, kwa nini tujitaabishe hivyo wakati nchi tajiri zimeshafanya tafiti zote? Nawajibu kwa INVICTUS. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilipokuja, zilishangiliwa kwa sababu hazihitaji kupima damu mara kwa mara kama warfarin, dawa ya zamani. Majaribio makubwa yaliyozipa sifa hizo yaliwaacha nje wagonjwa ambao valvu imebana sana kwa rumatiki, yaani wagonjwa wetu. Jaribio la INVICTUS likafanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kwa wagonjwa 4,531 wenye rumatiki ya moyo na mapigo yasiyo na mpangilio. Wengi wetu tulitegemea rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya, itashinda, au angalau itoke sare. Mwaka 2022 matokeo yakaja kinyume: madhara makubwa, yakiwemo kiharusi na vifo, yaliwapata 560 kwenye kundi la rivaroxaban na 446 kwenye kundi la dawa za zamani. Kabla ya hapo wangapi walikuwa wameshabadilishiwa dawa kwa kuamini ushahidi uliotoka kwa watu wasiofanana nao? Mtu aliyesukuma sana tafiti za aina hii Afrika, Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, alifariki 2018 kabla hajaona jibu hilo.

Hata picha ya maradhi yenyewe huku kwetu tuliipata kwa kuwahesabu watu wetu. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, ulionesha kwamba moyo kushindwa kufanya kazi huku kwetu kunawapata watu wa wastani wa miaka 52, wangali kwenye nguvu za kazi, na chanzo kikuu ni presha. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili uitwao TaHeF, wenye wagonjwa 427, ukaja mwaka 2014 na hadithi hiyo hiyo: presha asilimia 45, mishipa ya moyo kuziba asilimia 9 tu. Tukaridhika. Tukawa tunafundisha kwamba mshtuko wa moyo ni nadra kwetu. Kisha watafiti wa Moshi wakafanya jambo dogo tu: kila mtu mzima aliyefika kitengo cha dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi akapigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kupimwa troponini, protini inayoonekana kwenye damu misuli ya moyo ikiumia. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wao walikuwa wanaandikiwa ugonjwa mwingine. Sisemi TaHeF ilikosea. Iliwahesabu waliofika kliniki wakiwa na moyo uliochoka. Ila daftari la MTUHA, lile la kuandikia takwimu za wagonjwa vituoni, haliwezi kuonesha ugonjwa ambao hakuna aliyeupima, na sera ikiandikwa kwa kusoma daftari hilo peke yake, kifaa cha ECG hakitanunuliwa kamwe, maana "ugonjwa wenyewe haupo".

Kuhusu vibali sina malalamiko makubwa. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kamati ya taifa ya maadili, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inakagua majaribio ya dawa, vyuo na hospitali zina kamati zao. Maandiko yanasomwa, wakati mwingine kwa ukali mpaka kwenye koma. Ninachotamani ni ukali huo huo uhamie benchini baada ya kibali kutoka. Mkaguzi aje bila taarifa ndefu, achukue mafaili kumi, alinganishe na kilichoingizwa kwenye kompyuta, na aombe kuona safu ya presha. Majaribio ya dawa yenye wafadhili wakubwa yana wakaguzi wake. Tafiti zetu za kawaida, ambazo ndizo nyingi, zikishapata mhuri hazitembelewi na mtu.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Mradi ukiisha, kila kitu kinaisha. Nimeona rejista nzuri ikifa ndani ya wiki. Muuguzi aliyewajua wagonjwa kwa majina mkataba wake ulikwisha, akarudi kutafuta ajira. Kompyuta ikaondoka na mratibu. Takwimu zikabaki kwenye seva ya nje ya nchi, na nenosiri analo mtu aliyekwisha kuhama chuo. Miaka miwili baadaye ukaja mradi mwingine, fedha nyingine, fomu nyingine yenye maswali yale yale yaliyoulizwa kwa namna nyingine, kiasi kwamba takwimu za zamani na mpya haziwezi kuunganishwa. Wagonjwa wengine walikuwa wale wale. Mzee mmoja aliniuliza, "Sista, majibu yangu ya mwanzo mliyapeleka wapi?" Nilimwambia ukweli, na hakupendezwa nao.

Wasweden, ambao walishirikiana na Muhimbili kwenye TaHeF, wana rejista ya moyo ya taifa iitwayo SWEDEHEART. Haifi, kwa sababu si mradi. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akilazwa popote anaingizwa, kwa namba yake ya utambulisho. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya jaribio la TASTE, wagonjwa 7,244, lililofanyika ndani ya rejista hiyo pamoja na wenzao wa Iceland na Denmark. Walitaka kujua kama kufyonza bonge la damu kutoka kwenye mshipa kunapunguza vifo vya siku 30. Jibu likawa hakupunguzi. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepotea kwenye ufuatiliaji, na gharama ilikuwa ndogo mno, kwa kuwa daftari lilikuwepo tayari na wa kuliandika walikuwepo tayari.

Najua sisi si Sweden. Lakini Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imesimama tangu 2015, hospitali za kanda zina mashine za eko, na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, watu wazima wengi wanayo. Watoto wengi hawana, na rumatiki ni ugonjwa unaowaanza wao, hivyo itabidi namba ya kliniki ishike nafasi hiyo kwa muda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, inatulazimisha kuamua mapema nani anaruhusiwa kuona nini. Tunachokosa ni makubaliano ya maswali machache, na ninasisitiza machache. Fomu zetu ni ndefu kupita kiasi kwa sababu kila mkubwa kwenye kikao anaongeza lake. Umri, jinsia, mahali anapokaa, presha iliyopimwa vizuri, eko, ECG, dawa anazotoka nazo, na je, siku ya 30 na baada ya mwaka yu hai? Hizo zikijazwa kikamilifu nchi nzima zitatupa mimi na wewe mambo ya kuandika kuliko tunavyoweza kuyamaliza. Fomu ndefu iliyojazwa nusu haina kazi.

Na ingeokoa nguvu za wanafunzi. Kila mwaka madaktari wanaosomea ubingwa wanatakiwa kuandika tasnifu, na kila mwaka napokea vijana wenye akili wanaokuja kuhesabu upya, kwa wagonjwa mia na ushee, "ukubwa wa tatizo na visababishi vyake". Anakusanya kwa miezi michache, mwanatakwimu anaitwa mwishoni kabisa kana kwamba ni fundi wa kupaka rangi, kazi inajalidiwa, inawekwa maktaba. Hizo ni juhudi nyingi sana zinazoishia kwenye rafu, na kila moja ni ndogo mno kumwambia waziri chochote.

Mwaka huu alikuja daktari mmoja na andiko la namna hiyo. Nilimkalisha na mwanatakwimu wetu kabla hajaajiri hata mhojaji mmoja, wakabishana mchana kutwa. Alitoka ameacha kuhesabu upya. Sasa anatumia rejista iliyopo kuangalia wanaorudi wodini ndani ya siku 30, wangapi dawa ziliwaishia kabla hawajarudi. Anawapigia simu mwenyewe, jioni, na amegundua kwamba Jumapili baada ya ibada ndipo watu wanapopokea zaidi. Profesa wake hakufurahia kwamba hakuna "takwimu mpya" zitakazokusanywa, na wamekubaliana kwa shida. Mimi nimeomba jambo moja, kwamba wauguzi waliopima waandikwe kwenye makala kama waandishi na si kushukuriwa tu mwishoni. Hilo bado tunavutana.